Tupeane uzoefu: kutembea kwa miguu kutoka kituo kimoja cha metro hadi kinachofuata

Mwanzisha mada (Brussels)

Ndugu zangu, salamu. Wengi wetu tunaoishi katika miji yenye metro tunaijua miji hiyo kwa majina ya vituo tu: tunaingia ardhini karibu na nyumbani, tunatokeza kazini, na mitaa iliyo katikati hatuijui. Naomba tupeane uzoefu kwa sharti moja, kwamba kila mtu aeleze njia aliyoitembea mwenyewe, kutoka kituo kimoja hadi kinachofuata.

Nianze na Porte de Namur, kituo cha njia za 2 na 6. Ukitokea upande wa Chaussée d'Ixelles unaingia Matonge, mtaa uliorithi jina la Matonge ya Kinshasa. Chimbuko lake linahusishwa na Maison Africaine, bweni la wanafunzi kutoka Kongo lililoanzishwa mwaka 1961, kwani wanafunzi hao walihitaji mahali pa kula, kunyoa na kukutana. Ndani ya Galerie d'Ixelles, ushoroba wenye paa unaokwenda kutokea Chaussée de Wavre, kuna saluni za kusuka, wauza vitenge na vipodozi. Vyakula viko Chaussée de Wavre yenyewe: mihogo, ndizi za kupika, sombe (kisamvu), makayabu (samaki wa chumvi) na samaki wa kukaushwa kwa moshi, na mara nyingi mwenye duka ni Mpakistani au Mhindi anayekutajia bei kwa Kilingala bila kusita.

Jambo ambalo mgeni hulitambua polepole ni kwamba wengi wa wanaofurika pale hawaishi pale. Hutoka pande nyingine za Brussels, Antwerp na hata kaskazini mwa Ufaransa, wakanunua, wakasuka, wakapashana habari, kisha wakarudi kwao. Kwa hiyo nendeni Jumamosi alasiri. Jumanne asubuhi mtakuta maduka, lakini mtaa wenyewe hamtauona.

Mchangiaji (mzaliwa wa Lubumbashi)

Asante kaka, ila umetuacha njiani, maana sharti lako lilikuwa kufika kituo kinachofuata. Mimi nilitoka Porte de Namur nikafuata barabara ya mzunguko hadi Trône, mwendo wa dakika chache tu. Karibu kabisa na mlango wa metro wa Porte de Namur kuna uwanja wa Patrice Lumumba, uliozinduliwa tarehe 30 Juni 2018, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kongo. Ni eneo dogo, na kwa maoni yangu ni dogo mno kwa jina hilo, hasa ukizingatia anayekungoja mbele: ukifika Trône unamkuta Leopold II, mfalme wa Ubelgiji aliyeitawala Kongo, juu ya farasi wake, mkubwa na mrefu, sanamu ambayo Juni 2020, katika siku za maandamano ya kupinga ubaguzi wa rangi, ilipakwa rangi nyekundu.

Watu hupiga picha wakaondoka. Ninashauri msome maandishi yaliyo chini yake, yanayoeleza kuwa shaba na bati ya sanamu hiyo vilitoka Kongo ya Wabelgiji na vilitolewa bila malipo na kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga. Sisi tuliokulia mahali panapoonekana bomba la moshi la Lubumbashi na kile kilima cheusi cha mabaki ya kuyeyushia madini, hatuhitaji kuelezwa shaba hiyo ilichimbwa na nani.

Mchangiaji (Paris)

Njia yangu ni fupi: njia ya 4, kutoka Château Rouge hadi Barbès–Rochechouart. Rue Dejean ina samaki na vyakula vya Afrika Magharibi zaidi kuliko vyetu, na msongamano wake unataka mkoba ushikwe mbele. Barbès ndipo Pierre Georges, mpiganaji wa upinzani dhidi ya Wajerumani walioikalia Ufaransa, baadaye Kanali Fabien, alipompiga risasi ofisa wa jeshi la majini la Ujerumani tarehe 21 Agosti 1941, akiwa jukwaani pa metro. Leo kuna kituo kingine chenye jina la Kanali huyo.

Mchangiaji (Dubai)

Kwetu vituo viwili jirani vya njia ya kijani, Al Ghubaiba na Al Ras, vimetenganishwa na hori, yaani mkono wa bahari unaoingia mjini, na treni hupita chini yake. Mimi hushuka Al Ghubaiba, nikatembea hadi gati, nikavuka kwa abra, mashua ambayo kwa miaka mingi nauli yake imekuwa dirhamu 1, kisha nikapita soko la viungo lenye karafuu, ubani, zafarani na ndimu kavu, hadi karibu na shule ya zamani ya Al Ahmadiya, iliyoanzishwa mwaka 1912.

Mwanzisha mada

Dada yangu, mwendo huo unafaa saa ngapi kwa mgeni mwenye watoto?

Mchangiaji (Dubai)

Baada ya alasiri, na ikiwezekana kati ya Novemba na Machi. Adhuhuri maduka mengi ya soko hilo hufungwa, na Ijumaa mengine hufunguliwa baada ya swala, kwa hiyo ukiwahi mno utawachosha watoto bure.