Vijiti vya asumini vyanioza, naomba ushauri

Assalaam aleikum jamani. Niko Kisauni, na hii ni mara ya tatu asumini inanifia. Nakata vijiti vya shibiri moja, chini kidogo ya kifundo, napukutisha majani ya chini, kisha navichomeka kwenye mchanga na samadi ya ng'ombe. Wiki ya kwanza vinachipua, nafurahi kama mjinga. Ya pili vinanyauka. Jana niling'oa kimoja: mwisho mweusi, unateleza kama bamia, mzizi hamna hata mmoja. Namwagilia asubuhi na jioni kwa maji ya kisima, nayo yana chumvi (ya mfereji huja yakitaka). Kosa ni chumvi, samadi, au nazidisha maji? Na wanaofunika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa, kwa joto hili la Mombasa havitaiva humo ndani?