Yule daktari wa "mbona hujavimba" karudia tena leo, sinyamazi!

Mzee wa Vifundo:
Wakuu, mnamjua. Kila mwenye baridi yabisi mji huu anamjua. Kalamu haijafunguliwa, faili halijafunuliwa: "Mbona hujavimba?"

HUJAVIMBA! Mtu aumuke kama andazi la hamira mbili ndiyo aaminiwe?

Utando wa ndani ya kiungo unawaka huku ngozi ya juu imetulia kabisa. Altrasaundi yenye dopla ndiyo inayoonyesha damu ilivyojaa kwenye huo utando. Eksirei ya miezi ya mwanzo mara nyingi inatoka safi, kwa sababu inaonyesha mfupa ulioanza kuliwa, na hapo ni kuchelewa. Na kiungo hubonyezwa, kimoja kimoja, kwa kidole gumba mpaka ukucha wa mpimaji uwe mweupe. Kwenye DAS28, hesabu ya kupima ukali wa ugonjwa kwa viungo 28, vinavyouma vina hesabu yake na vilivyovimba vina yake, tena vinavyouma ndivyo vyenye uzito zaidi. VINAVYOUMA! Yeye anautazama mkono juu ya meza kama embe la sokoni. Hata embe hubonyezwa!

"Mbona hujavimba." Nyoko!

Kiazi Mviringo:
Na miguu haimo kwenye hizo 28. Avue mgonjwa viatu, abane safu ya vifundo nyuma ya vidole vya mguu kwa pamoja. Akiruka, jibu limepatikana. Ila huyo bwana viatu vya watu hajawahi kuviona vikivuliwa tangu uhuru.

Bibi Tangawizi:
Huyo huyo kipimo cha damu cha RF kikitoka hasi anakufukuza! Kama mgonjwa mmoja kati ya watano ana RF hasi na ugonjwa anao. Kuna kipimo kingine cha damu, anti-CCP, akiandike. Badala yake anapima yuriki asidi, anakukataza nyama choma. Hiyo ni ya gauti, ugonjwa mwingine, baba!

Sauti ya Kijiwe:
Vidole vinauma ila uzi mrefu kuliko foleni ya maabara 😂

Mzee wa Vifundo:
@Sauti ya Kijiwe ugumu wa asubuhi unakaa saa nzima na zaidi, mchana unalegea. Sasa ni saa kumi jioni. "Mbona unaandika" na "mbona hujavimba" ni ndugu wa tumbo moja.

Kiazi Mviringo:
Tuulizane pia, mkuu: prednisoloni ilimezwa lini? Ile inashusha uvimbe haraka. Mpimaji aambiwe miligramu ngapi na tangu lini. Na aliyeitumia wiki kadhaa asiikatishe ghafla ili tu avimbe mbele ya daktari, mwili unaanguka.

Dada wa Dirishani:
Nyie hangaikeni na uvimbe, hasira zangu ni za dirisha la dawa. Methotreksati, dawa ya huu ugonjwa wetu, inatolewa bila kuandikwa siku! Ni mara MOJA KWA WIKI. Miligramu 15 ni vidonge sita vya 2.5, siku moja, basi. Ukimeza kila siku mdomo unajaa vidonda, uboho unaacha kutengeneza damu, mtu anakufa. Andikeni kwenye boksi kwa kalamu nene: JUMAMOSI. Asidi ya foliki siku nyingine. Damu na ini vipimwe. Mwenye mimba au anayeitafuta asiiguse.

Bibi Tangawizi:
Na waseme mapema kwamba inachukua wiki 6 hadi 12 kufanya kazi. Watu wanaitupa wiki ya tatu.

Sauti ya Kijiwe:
Wa kisukari tuseme nini sasa, vijiti vya kupimia bei yake kama kiwanja.

Kiazi Mviringo:
Fungua uzi wako. Ila waambieni mama zenu wenye vidole vinavyouma: mpini wa mwiko uzungushiwe kitambaa mpaka unenepe, kiganja hakibani sana. Sufuria iwekwe chini, ishikiliwe na mtu.

Dada wa Dirishani:
Mwiko mnene kwa ugali? Utabaki na mabuje.

Kiazi Mviringo:
Mpini, siyo kichwa cha mwiko! Someni.

Bibi Tangawizi:
Mabuje ni ya unga kutiwa wote mara moja. Anza na uji.

Sauti ya Kijiwe:
Sembe au dona?