Mjadala: Kitabu cha Kabendera kuhusu Magufuli, tunakisoma au tunarushiana tu?

Wakuu, salaam.

Nimemaliza kusoma kitabu cha mwandishi wa habari Erick Kabendera kuhusu utawala wa hayati John Magufuli. Kimeandikwa kwa Kiingereza, na hapo ndipo shida inapoanzia, kwa sababu wengi wanaokijadili wamefikiwa na vipande tu vilivyopigwa picha na kusambazwa WhatsApp, tena vile vikali kuliko vyote. Nimekutana na kambi mbili. Moja inasema kila neno humo ni kweli tupu. Nyingine inasema mwandishi katumwa na mabeberu amchafue marehemu, ambaye hawezi kuinuka kule Chato alikozikwa akajitetea. Mimi siko kokote kati ya hizo, na naomba nieleze kwa nini.

Kwa macho yangu hivi ni vitabu viwili vilivyoshonwa pamoja. Kimoja ni cha mtu anayesimulia yaliyomkuta mwenyewe. Kabendera alichukuliwa nyumbani kwake Dar es Salaam Julai 29, 2019. Kwanza tuliambiwa anachunguzwa uraia. Baadaye mashtaka yakageuka: utakatishaji fedha, kukwepa kodi, kuongoza genge la uhalifu. Alikaa mahabusu karibu miezi saba. Mwisho wa Desemba mama yake akafariki; akaomba ruhusa ya kwenda kumuaga, akanyimwa. Februari 2020 alikiri kwa makubaliano na upande wa mashtaka, akatakiwa kulipa zaidi ya shilingi milioni 270, akatoka. Haya huhitaji kumpenda Kabendera ndipo uyakubali. Yamo kwenye kumbukumbu za mahakama, na magazeti yaliyaandika siku zile zile.

Kitabu cha pili ni cha yaliyotendeka ndani ya Ikulu: nani aliamuru nini, waliopotea walipelekwa wapi. Huko mwandishi hakuwepo. Ameambiwa na watu. Sisemi ni uongo, ila uzito wake si ule wa mtu aliyelala mwenyewe kwenye sakafu ya gereza. Ninachoogopa ni kwamba tukikesha tukibishania kitabu hiki cha pili, kile cha kwanza kitapita bila mtu kukigusa. Karibuni.

*Kutoka Geita*

Mwanangu, umeuliza vizuri, nami nitajibu kwa moyo. Kitabu hicho sijakisoma na sina haja nacho. Mimi nina watoto wanne. Wawili wa mwisho wamefika kidato cha nne bila kudaiwa ada, na hilo lilianza Januari 2016, miezi miwili baada ya Magufuli kuapishwa. Kigongo hadi Busisi tumelala sana kwenye foleni ya kivuko, mgonjwa yuko ndani ya gari anahema. Leo pana daraja la kilomita 3, na ni yeye aliyelianzisha. Wamachinga walikuwa wakikimbizwa mitaani kama wezi, yeye akawapa kitambulisho cha shilingi 20,000 wakafanya biashara kwa amani. Sasa mtu aje aniambie huyo alikuwa shetani, halafu ukimuuliza ulijuaje, anakwambia kuna mtu alimwambia? Kwetu marehemu husemwa kwa staha. Ana mjane, ana watoto, na wao wanasoma hayo mnayosambaza.

*Kutoka Mtwara*

Mama, shikamoo. Ya kwako nayaheshimu, maana hata nyumbani kwetu siku moja tulimshangilia. Msimu wa 2018 wanunuzi wa korosho walikuja na bei ya kutuua. Magufuli akasema serikali itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaja kubeba. Baba yangu alicheza ngoma uani. Halafu ukaja uhakiki. Unahakikiwa shamba, unaulizwa miche, unashukiwa kwamba wewe ni kangomba unayenunua korosho za wenzio. Tulikaa miezi tukisubiri malipo, ada ya mdogo wangu ikakwama, na hakuna ofisi hata moja iliyokuwa tayari kutwambia lini, kwa sababu kila mkubwa aliogopa kusema neno ambalo Rais hajalisema. Mkono uliotupa ile bei ndio ule ule uliowafunga wengine midomo. Kwa hiyo Magufuli wa kwenye kitabu namtambua kidogo, lakini kasoro yake ni kwamba hana ile siku baba alipocheza ngoma. Ukimwandika bila siku hiyo, watu wa Kusini hawatakuamini hata pale unaposema kweli.

*Kutoka Dar es Salaam*

Mimi nafanya kazi ya uwakili, nitasema machache upande huo.

Mleta mada umegusa penyewe. Kabendera hakukaa ndani miezi ile kwa sababu Rais alikuwa mkali tu. Alikaa kwa sababu utakatishaji fedha ulikuwa kwenye orodha ya makosa yasiyo na dhamana, kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Hakimu akitaka kukupa dhamana, mikono yake imefungwa. Ukishaandikiwa hilo kosa, upelelezi unaweza kusema "haujakamilika" kila baada ya wiki mbili, nawe unarudi kwenye karandinga. Na kifungu hicho Magufuli alikikuta.

Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kinapingana na Katiba, kwenye shauri la Dickson Sanga. Tulifurahi kweli. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Tafadhali mlitazame hilo vizuri, maana kitabu chote kinaelekezwa kwa mtu mmoja, na msomaji anakifunga akiamini balaa limekwisha kwa sababu mtu huyo amezikwa. Nimewahi kumtembelea mteja aliyekaa mahabusu hadi mtoto aliyemwacha ananyonya akaanza shule. Mteja huyo alikamatwa kabla ya 2015.

Mama wa Geita, kuhusu staha kwa marehemu niko nawe. Lakini anayepaswa kujibu si marehemu peke yake. Waliotia saini wako hai.

*Mleta mada*

Asanteni. Naomba nikazie hapo kwenye walio hai, kwa sababu ndilo jibu langu kwa wanaosema kitabu kipigwe marufuku.

Chukueni habari ya Azory Gwanda, mwandishi aliyepotea Kibiti Novemba 2017. Julai 2019 waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC kwamba Azory alitoweka na kufariki. Baadaye akasema hakuwa amethibitisha kifo. Hayo yalitoka kinywani mwa waziri, dunia inasikia, na wala hayategemei mtoa siri yeyote wa kitabuni. Nani amemwita akaeleza alimaanisha nini? Ben Saanane, kada wa chama cha upinzani CHADEMA, hajaonekana tangu Novemba 2016. Tundu Lissu alimiminiwa risasi mchana Dodoma, Septemba 7, 2017, na hakuna aliyefikishwa mahakamani. Uchunguzi usipofanywa na wenye mamlaka, utafanywa na waandishi wa vitabu kwa kusikiliza minong'ono, maana ndiyo iliyobaki. Anayechukia minong'ono hiyo adai tume ya kijaji. Akidai marufuku, minong'ono itaongezeka tu.

Kabendera naye simwachi hivi hivi. Mtu aliyeonja dhuluma ya kushtakiwa bila ushahidi kuwekwa mezani angekuwa wa kwanza kutuwekea ushahidi mezani anapotuhumu. Kwenye sura za mahabusu amefanya hivyo, na ndiyo maana zinaumiza. Kwenye za Ikulu ningependa anioneshe wazi zaidi: hapa nilisikia kwa mtu mmoja, hapa kwa watatu wasiofahamiana, hapa nakisia.

Ndugu wa Mtwara, ile ngoma ya baba yako imenigusa. Ni kweli, kitabuni haimo.

*Kutoka Dar es Salaam*

Nyongeza kidogo. Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake kwa Rais Samia mwaka 2023. Wanaokesha na vipande vya WhatsApp wangeanzia hapo. Wasome, kisha wamuulize mbunge wao kipi kimeshatekelezwa.

*Kutoka Geita*

Nimewasoma wote. Kuhusu Magufuli sijabadilika, nitamwombea hadi siku nami nitakapoitwa. Hayo ya Ikulu msiniletee, hakuna kati yenu aliyekuwepo. Ila wewe mwanangu uliyeanzisha, ile sehemu ya mama yake kufariki yeye akiwa ndani, nisimulie kwa Kiswahili ukipata nafasi. Mimi ni mzazi. Nataka kujua nani alimpa habari, na usiku huo alilalaje.