Naombeni ushauri: sponsa kanyang'anywa leseni, wakala anataka hela ya COS

BintiMaweni: Habari za jioni wakuu. Niko Leeds, Uingereza, nafanya kea (kutunza wazee na wagonjwa), nilikuja 2023. Kampuni iliyonileta imefutiwa leseni ya kudhamini wafanyakazi wa kigeni na barua ya uhamiaji imefika: siku 60 nipate mwajiri mwingine au niondoke. Kuna wakala anataka paundi 6,000 anipe COS, yaani cheti cha udhamini anachotoa mwajiri ili uombe viza. Nilipe? Matusi sitaki.

Mzee wa Majengo: Rudi nyumbani binti yangu, mihogo ipo. Mimi Dubai bosi alinishikia pasipoti, nilikonda hadi mama hakunitambua uwanja wa ndege.

KisuButu: COS hainunuliwi, dada. Mbona una haraka hivyo? Kuna kitu hujasema.

BintiMaweni: Nina mimba ya miezi mitano. Tangu barua ije sijakanyaga kliniki, naogopa deni la hospitali lifike uhamiaji. Na wakala nimeshamtangulizia kidogo. Ni mtu wa kanisani kwetu, hawezi kunitapeli.

Mzee wa Majengo: Baba mtoto yuko wapi? Mabinti wa siku hizi bwana.

MamaShufaa: Mzee, hilo hakuuliza. Mdogo wangu, siku hizo zikiwa hazijaisha viza yako ni hai na NHS, yaani hospitali za serikali, kwako ni bure kama zamani. Ukijificha sasa, ukaja kujifungua viza imekwisha, ndipo utaandikiwa bili ya asilimia 150 ya gharama ya kawaida ya NHS. Hata hapo hawaruhusiwi kukunyima huduma ya uzazi eti hujalipa. Deni ndilo hubaki, na likifika paundi 500 bila mpango wa kulipa, uhamiaji huambiwa. Kesho asubuhi mpigie mkunga.

Dogo Janja 88: Chai hii. Kea imefungwa tangu Julai 22, 2025, COS ya wapi tena?

MamaShufaa: Imefungwa kwa wanaoajiriwa kutoka nje. Aliyemo ndani na viza ya kea anaruhusiwa kuhamia mwajiri mwingine mwenye leseni. Na ombi likiingia kabla ya siku ya mwisho, haki zake zinaendelea akisubiri jibu.

Dogo Janja 88: Basi aweke picha ya barua.

BintiMaweni: Siweki, ina jina langu. Mkunga nitampigia. Ila wakala nimeshamwahidi Ijumaa namalizia, na kazi nyingine sijaona.

KisuButu: Usimalizie. Mwombe jina la kampuni inayotoa hiyo COS. Orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya serikali, lilete hapa tulitafute leo hii.