Naomba ushauri: pH ikishuka, haidrojeni inakata

Wakuu, naombeni msaada. Nachachusha glukosi kwa bakteria wa tope, hasa Clostridium, ili nipate haidrojeni. Naanza na pH (kipimo cha uasidi) ya 6, viputo vinapanda mfululizo, kisha asidi ya asetiki na ya butiriki zinarundikana. pH ikishuka chini ya 5 gesi inakata, nahisi bakteria wamehamia kutengeneza butanoli (aina ya alkoholi) badala ya haidrojeni. Kuipandisha pH karibu na 7 naogopa: vijidudu vinavyotengeneza methani vikibaki hula haidrojeni yote, ingawa tope nililichemsha kwanza ili kuviua (spora za Clostridium, yaani chembe zake zenye ganda gumu, huhimili joto hilo). Je, nidondoshe sodiamu haidroksaidi (besi ya kupunguza asidi) kidogo kidogo nishikilie pH 5.5, au bafa ya fosfeti (chumvi zinazozuia pH isibadilike haraka) inatosha? Bikaboneti siipendi, inaongeza kaboni dioksaidi kwenye gesi. Mwenye uzoefu anielekeze tafadhali.