Mikwaruzo ya duara kwenye rangi ya gari: uliipataje, uliiondoaje? Tupeane uzoefu

Mwenye Crown nyeusi, Dar

Wakuu, habari za leo. Nina Toyota Crown nyeusi, namba ya rangi 202. Ilipotoka bandarini ilikuwa inang'aa, ukisogea mlangoni unajiona hadi kope. Miezi 8 baadaye niko foleni Mwenge, jua la saa saba liko juu ya boneti, nikaona kama utando wa buibui umelizunguka lile jua lililoakisiwa kwenye rangi. Nikisogeza kichwa, na utando unahama. Nikadhani ni uchafu. Nilipofika nyumbani nikachukua kitambaa kikavu nikafuta kwa nguvu, siku iliyofuata ukawa umeongezeka.

Nikapeleka sehemu moja wanapoosha magari, wakaniambia dawa yake ni bafingi, yaani kung'arisha rangi kwa mashine. Gari lilitoka linameremeta, nikalipa kwa moyo mweupe. Baada ya kuoshwa mara 3 utando ukarudi wote, na juu yake kukawa na michirizi mirefu kama mawingu inayoonekana usiku chini ya taa za kituo cha mafuta. Iliniuma sana, maana gari hili nimelisubiri miaka.

Naomba kila mwenye yaliyomkuta aseme: ilikuwaje, ulifanya nini, na nini huwezi kurudia.

Fundi rangi, Tabata

Pole sana mkuu. Nina miaka 14 kwenye kazi hii na gari kama lako naletewa karibu kila wiki.

Kwanza tuelewane, ile si miduara. Ni mikwaruzo midogo iliyokwenda kila upande, ila mwanga unakuonyesha ile tu iliyokaa kwa mkao wa kuuzunguka, ndiyo maana unaona duara. Na mara nyingi inaletwa na mkono wa kusafisha: vumbi liko juu ya rangi, wewe unalisugua na kitambaa, basi umepiga msasa.

Sasa sikilizeni hili. Klia, ile tabaka ya juu inayoonyesha, kwa gari la kiwandani huwa kama mikroni 40 hadi 50 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Karatasi ya kawaida ya kuchapishia ina kama 100. Kwa hiyo kinachozuia jua lisiitafune rangi yako ni nusu ya karatasi. Kila ukipiga kompaundi kali, ile dawa ya kusugua rangi, unapunguza mikroni kadhaa, na hazirudi. Zile Toyota mnazoziona boneti na paa vimebanduka magamba meupe, klia ndiyo imekwisha pale.

Walichokufanyia ni hivi: walipaka polishi yenye mafuta, ikajaza mikwaruzo, sabuni ilipoiondoa mikwaruzo ikabaki pale pale. Siku nyingine, kabla ya kulipa, futa sehemu ndogo kwa spiriti iliyochanganywa na maji, halafu mulika na tochi ya simu. Ukweli utauona hapo hapo. Yale mawingu ni alama ya mashine ya mzunguko mmoja iliyowekwa pedi ya sufu na kushikwa kiupande. Yanatoka kwa polishi laini na sponji, ukitumia mashine ile inayozunguka huku inayumba. Anza na kipande cha nusu mita mlangoni, na polishi laini kuliko zote. Ikitosha, usipande kwenye polishi kali zaidi. Mkwaruzo unaokwamisha ukucha ukiupitisha juu yake, uache. Ukiufukuzia mpaka mwisho utaimaliza klia.

Na 202 yako ni laini, inakwaruzika upesi. Baadhi ya gari za namba hiyo hazina klia kabisa: ukipiga polishi kitambaa kinatoka cheusi. Usishtuke, lakini ujue hiyo ni rangi yenyewe inayotoka.

Mama wa Dodoma

Mimi langu ni la bluu iliyokoza, na vumbi la huku mnalijua. Getini tuna mlinzi, mzee wa heshima. Kila alfajiri nikitoka nakuta ameshalifuta gari lote kwa kipande cha kanga kikavu, bila mimi kumwomba. Alikuwa ananitendea wema. Mwaka mzima nikamshukuru, mpaka siku mdogo wangu alipoliangalia juani akaniuliza, "Dada, nani analisugua hili?"

Nilikaa siku kadhaa sijui namwambiaje. Mwisho nikamwita, nikamwonyesha ubavuni kwa tochi. Akainama akaangalia muda mrefu, akavua kofia. Nikamwambia, "Baba, wewe huna kosa, hata mimi nilikuwa sijui." Nikanunua mpira wa maji na glovu ya mikrofaiba. Sasa vumbi analimwagia maji kwanza kuanzia juu, na maji yasipotoka analiacha gari na vumbi lake. Mikwaruzo mipya sijaiona tena. Ile ya zamani nimeondoa ya boneti tu, kwingine nimeamua kuishi nayo kuliko kuimaliza rangi.

Ndugu yenu, Mombasa

Kwangu mimi kosa lilikuwa langu mwenyewe. Nilitazama video, nikanunua msasa namba 2000, nikasugua boneti kwa maji niondoe mikwaruzo nipige kompaundi. Katikati ilikuja vizuri mno. Nilipofika kwenye ule ukingo wa boneti nikaona weupe wa praima, ile rangi ya chini. Kwenye kingo rangi huwa nyembamba, na mkono hukandamiza zaidi pale. Ikabidi boneti lote lipakwe upya. Fundi akifanya kazi leo, kingo zote huziba kwa utepe kwanza. Jamani, msasa mwachieni mwenye kipimo cha unene wa rangi.

Niko Maskati

Mimi niliogopa mchanga wa huku nikanunua kifuniko cha gari. Nafunika kila jioni, natoa asubuhi. Vumbi lilikuwa linabaki chini ya kifuniko, na upepo ukikitikisa usiku kucha kinasugua. Paa na vioo vya pembeni ndivyo vilivyoumia zaidi. Kifuniko nimekiacha, natafuta kivuli. Na nikiangusha kitambaa chini wakati wa kuosha, hakigusi gari tena siku hiyo.

Mwenye Crown nyeusi, Dar

Nawashukuru wote, na shikamoo imfikie yule mzee wa getini Dodoma. Fundi, nakuja na gari. Tupime rangi kwanza, tujaribu mlango mmoja, paa tusiliguse mpaka tujue limebaki na nini.

Jumamosi nimeosha mwenyewe kwa mara ya kwanza, kivulini. Magurudumu peke yake na kitambaa chake. Nikamwagia maji, nikapaka povu nikaliacha kidogo, halafu ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia glovu kila nikimaliza kipande. Gari lilikuwa limeoshwa siku 4 tu kabla, na kwa macho lilikuwa safi. Nilipoimwaga taratibu ile ndoo ya kusuuzia, chini kulibaki mchanga wa kujaza kijiko cha chai.