Mjadala: Je, tovuti zetu za utalii zianze kumfuatilia mgeni kabla hajakubali?

Mwanzisha mada, Kijenge, Arusha

Ndugu wachangiaji, nawasalimu. Kazi yangu ni kutengeneza na kutunza tovuti, na wateja wangu wengi ni kampuni ndogo zinazopandisha wageni mlimani na kuwapeleka mbugani. Naleta hapa hoja ambayo imenigombanisha na baadhi yao. Nasema kwamba tovuti haipaswi kuanza kumfuatilia mtu kabla hajaridhia, na kwamba mzigo wa jambo hilo ni wa mwenye tovuti, wala si wa mgeni anayeambiwa ajilinde mwenyewe.

Hivi karibuni niliketi na mteja mmoja ofisini kwake, tukafungua ukurasa wake unaoeleza safari ya siku 7 kwa njia ya Machame, huku nikiwa nimewasha ile sehemu ya kivinjari inayoorodhesha kila mawasiliano ambayo ukurasa unayafanya. Hatukugusa kitu chochote. Kabla picha ya Kibo haijamaliza kujitokeza, ukurasa ulikuwa umekwisha kuwasiliana na seva za watu wengine sita: wa kuhesabu wageni, wa matangazo ya mtandao wa kijamii, wa kidirisha cha mazungumzo, wa aina za herufi, wa ramani na wa video. Mteja wangu aliwatambua wawili. Ile ya matangazo, inayoitwa pikseli, yaani kipande kidogo cha programu kinachoripoti kila anayefungua ukurasa, iliwekwa na fundi aliyenitangulia kwa ajili ya tangazo lililokwisha zamani, lakini iliendelea kutuma taarifa kila siku kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuiondoa. Kisha tukajaza fomu ya kuulizia bei kwa kutumia barua pepe yangu mwenyewe, na hapo ndipo mteja aliposogeza kiti karibu na skrini: ukurasa wa kushukuru ulikuwa umeiweka barua pepe hiyo ndani ya anwani yake, na anwani hiyo nzima, pamoja na barua pepe yangu, ikapelekwa kwa wale wa matangazo.

Kwa wasiozoea mambo haya, nieleze kidogo. Vidakuzi, au kuki kama wengi wanavyoziita, ni vijifaili ambavyo tovuti huvihifadhi ndani ya kivinjari chako. Vilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape, na lengo lake lilikuwa la kawaida kabisa, yaani kuiwezesha tovuti ikumbuke kwamba wewe ndiye uliyeweka bidhaa fulani kwenye kapu dakika moja iliyopita. Kidakuzi cha namna hiyo sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni na kidakuzi cha mtu wa tatu, kinachowekwa na kampuni ambayo hukuitembelea lakini ambayo imo ndani ya tovuti ya habari uliyosoma asubuhi, ya hoteli uliyoangalia mchana, na ya ushauri wa kitabibu uliyoifungua usiku, nayo huunganisha yote hayo kwa namba moja. Ukifuta vidakuzi, bado ipo njia ya kukutambua kwa sifa za kifaa chako: ukubwa wa skrini, aina za herufi, lugha, majira ya saa, toleo la kivinjari. Shirika la EFF la Marekani, linalotetea haki za watumiaji wa mtandao, lilipolipima jambo hili mwaka 2010 kwa vivinjari zaidi ya 470,000, liligundua kwamba asilimia 83.6 vilikuwa na mchanganyiko wa sifa usiofanana na wa kivinjari kingine chochote katika kundi lile.

Tena, gharama ya kupakua programu hizo ndogo za kufuatilia haibebwi na anayefuatilia. Ukiifungua tovuti hiyo kwa simu ukiwa Ngarenaro, bando linaloliwa ni lako.

Sheria tunazo. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda faragha ya mtu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume inayoisimamia ilizinduliwa Aprili 2024. Swali langu kwenu ni kama sisi wenye tovuti tusubiri kulazimishwa.

Mwenye kampuni ya utalii, Njiro

Ndugu mwanzisha mada, nimekusoma kwa makini, na kuhusu ile barua pepe ndani ya anwani sina la kutetea. Huo ni uzembe. Lakini hoja yako kuu inaniumiza, na ningependa uielewe kutoka upande wa mtu anayelipa wapagazi, wapishi na madereva.

Safari ya Kilimanjaro hainunuliwi kwa siku moja. Mgeni anaangalia, anawauliza wenzake, anasubiri likizo ipitishwe kazini kwake, na huenda akarudi baada ya miezi minne. Mawakala wakubwa wa ng'ambo wana fedha za kujitangaza kila mahali, ilhali mimi nina uwezo wa kumwonyesha tangazo yule tu ambaye tayari alifika kwenye ukurasa wangu. Ukiniondolea uwezo huo, wakala wa ng'ambo atamchukua mgeni yule yule, atakata sehemu yake, kisha atanipa mimi kazi ile ile kwa bei ya chini, na pengo hilo nitalifidia wapi kama si kwenye malipo ya mpagazi? Kuhusu vile vibao vinavyojitokeza kwenye tovuti kuomba ridhaa ya kufuatilia, tuseme ukweli: watu wanabonyeza kukubali bila kusoma ili kibao kiondoke. Unanitaka nimsumbue mgeni kwa jambo ambalo halimlindi. Mwisho, sheria za Ulaya ni za Ulaya, nami ofisi yangu ipo Njiro.

Mwanzisha mada

Nashukuru, kaka, na hoja ya mpagazi naiheshimu. Nianze na hilo la mwisho kwa kuwa linaweza kukugharimu. Sheria ya Ulaya ya kulinda data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inasema katika ibara yake ya 3 kwamba inamhusu hata mfanyabiashara asiye na ofisi Ulaya, iwapo anawauzia huduma watu waliopo kule au anafuatilia mienendo yao. Tovuti yenye kurasa za Kijerumani na bei kwa euro haiwezi kudai kwamba imefikiwa na Wajerumani kwa bahati mbaya. Sidhani kama kuna atakayepanda ndege kuja kukutafuta Njiro, lakini wakala wa Ujerumani unayeshirikiana naye anaweza kukudai uthibitisho, na hapo huna cha kumwonyesha.

Kuhusu ushindani, nakuomba ulitazame jambo hili upya. Unadhani pikseli inakufanyia kazi wewe peke yako. Taarifa inazozikusanya zinaingia kwenye mfumo ambao hujifunza kutoka tovuti nyingi kwa pamoja nani anapenda nini, na mfumo huo huo ndio unaomuuzia wakala mkubwa matangazo ya kuwafikia watu wanaowaza kupanda mlima. Wewe umeleta wageni kwa jasho lako, umewaandikisha kwenye daftari la mtu mwingine, na mpinzani wako mwenye fedha zaidi amelikodi daftari hilo. Tangazo linalojitokeza pale mtu anapotafuta neno "Machame" linahitaji kujua alichoandika wakati huo tu. Halihitaji kujua alisoma nini usiku uliopita.

Vibao vya ridhaa nakubali kwamba vingi ni vya hila. Mamlaka ya faragha ya Ufaransa, CNIL, ilitangaza Januari 2022 kuwa imeitoza Google euro milioni 150 na Facebook euro milioni 60, kwa sababu kukubali kulihitaji mbofyo mmoja ilhali kukataa kulihitaji kadhaa. Kwa hiyo kibao kinaweza kutengenezwa kwa haki. Aidha, tovuti isiyomfuatilia mtu haihitaji kibao hicho hata kidogo, na hiyo ndiyo tovuti isiyomsumbua mgeni.

Mwenye steshenari, karibu na stendi, Moshi

Samahanini, nawaona mnazungumzia wageni tu, kana kwamba faragha ni kitu kinachoshuka na ndege pale KIA. Mimi nina kompyuta nne, na wanaokuja kwangu ni watu wa hapa hapa: wa kuomba mikopo ya chuo, wa kutuma maombi ya kazi, wa kuchapa matokeo ya hospitali. Siku moja binti mmoja alimaliza kujaza fomu yake akaondoka haraka kuwahi basi. Mteja aliyemfuata aliketi, akaandika herufi mbili za kwanza za barua pepe yake, na kivinjari kikamletea jina na anwani ya yule binti, na kwa kuwa hakuwa ametoka kwenye akaunti, barua zake zote zilikuwa wazi. Mteja alikuwa muungwana, akaniita. Tangu siku hiyo kila anayeketi namfungulia dirisha la faragha, na akiondoka nalifunga mwenyewe, hata kama foleni imefika mlangoni.

Lakini nawaambia wateja wangu ukweli kwamba dirisha hilo linawaficha kwa atakayeketi baada yao, haliwafichi kwa tovuti wanazozifungua. Google yenyewe ilishtakiwa Marekani mwaka 2020 kuhusu dirisha hilo la Chrome, na katika makubaliano yaliyowekwa wazi Aprili 2024 ikaridhia kuharibu mabilioni ya kumbukumbu zilizokusanywa.

Watu wa kwetu wanafuatiliwa zaidi na simu kuliko na tovuti. Programu ya mkopo inaomba orodha ya namba zako zote, na mtu mwenye shida ya ada haisomi, anabonyeza. Hilo mnalitungia kibao gani?

Mwanasheria, Arusha mjini

Naunga mkono steshenari. Ridhaa ya mwenye shida si ridhaa, na ndiyo maana sheria yetu haikuishia kwenye kitufe: inamtaka mkusanyaji ajisajili kwa Tume na akusanye kwa lengo mahususi. Orodha ya majirani zangu haina lengo lolote halali katika kunikopesha shilingi elfu hamsini. Niongeze jambo moja linaloshangaza wengi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo hapa Arusha, lakini Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu inaousimamia hauna ibara inayoitaja faragha kwa jina.

Mwanafunzi wa chuo, Moshi

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza, mtu akitumia VPN si yote haya yanakwisha?

Mwanzisha mada

Marahaba. Hayakwishi. VPN ni huduma inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva nyingine: inaificha anwani yako ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti, kwa tovuti, na inamzuia mwenye Wi-Fi ya hoteli au ya mgahawa asione unatembelea tovuti zipi. Lakini ukiingia kwenye akaunti yako ukiwa ndani ya VPN, umejitaja kwa jina. Vidakuzi vinabaki pale pale, na zile sifa za kifaa pia. Kumbuka vilevile kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilitoa tangazo la kuwataka watumiaji wa VPN watoe taarifa zao, kwa hiyo ni vema kujua sheria inasemaje kabla ya kuiwasha.

Kinachosaidia zaidi ni kivinjari chenyewe. Safari inazuia vidakuzi vya mtu wa tatu tangu mwaka 2020, na Firefox tangu 2022 inakitenga kila kidakuzi ndani ya tovuti iliyokiweka. Chrome, ambayo ndiyo iliyopo kwenye simu nyingi za hapa, iliahidi mwaka 2020 kuviondoa, ikaahirisha mara kadhaa, kisha Julai 2024 ikaachana na mpango huo. Firefox ya Android inakubali uBlock Origin, yaani programu-jalizi ya kuzuia matangazo na wafuatiliaji, na utaona kurasa zinafunguka haraka na bando linadumu zaidi. Katika mipangilio ya simu nyingi za Android za sasa, chini ya matangazo, unaweza kufuta kitambulisho cha matangazo, yaani namba ambayo programu hutumia kukutambua. Programu inayoomba mahali ulipo au orodha ya namba zako bila sababu, ikatalie. Ikigoma kufanya kazi, iondoe.

Nakiri kwa ndugu wa steshenari kwamba hoja yangu ilikuwa imeegemea mno kwa mgeni. Hata hivyo ukinisoma tena utaona tunasema jambo moja, kwa kuwa yule binti aliyewahi basi na yule Mjerumani anayeulizia Machame wote wawili walikuwa hawana namna ya kuona kilichokuwa kikitokea nyuma ya skrini. Aliyeweza kukiona ni mwenye kompyuta katika kisa cha kwanza, na mwenye tovuti katika kisa cha pili.

Mwenye kampuni ya utalii, Njiro

Nimemwita fundi wangu tukafungua ile orodha kwenye ukurasa wetu wa njia ya Lemosho. Tulikuta seva nane za watu wengine, na tano kati ya hizo hakuna aliyeweza kunieleza kazi yake, basi zimeondolewa. Pikseli ya tangazo linaloendelea siiondoi hadi msimu wa Juni uishe. Kama ni kosa, nimelikosa nikiwa na akili zangu. Lakini itasubiri mgeni akubali kwanza, na nataka kuona ni wangapi watakataa.

Mwanzisha mada

Hilo ni zaidi ya nililolitarajia, kaka, na ukihesabu utuletee idadi hapa hata kama itanishinda. Kuhusu mteja wangu wa Machame, zimebaki ramani na video tu, nazo hazipakuliwi hadi mgeni azibonyeze, na hapo ndipo kibao kinapojitokeza. Kitufe cha kukataa nimekiweka sambamba na cha kukubali, kwa rangi moja na ukubwa mmoja. Jana amenipigia akiomba kile cha kukataa kipunguzwe kidogo na kiwe cha kijivu. Bado tunavutana.